Nakala za hati za viwanja na nyumba, Arusha na Moshi: maswali ninayoulizwa kila wiki

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Naishi Moshi, na siku nyingi za wiki niko kwenye Coaster, kilomita 80 kwenda Arusha na 80 kurudi, nikisindikiza watu kwenye ofisi za ardhi. Maswali ni yale yale, na kila anayeuliza anadhani yamemkuta yeye peke yake. Nimeyakusanya hapa ili mtu ayasome kabla hajapanda basi na kabla hajampa mtu hela.

Hati yangu imepotea. Je, nimepoteza na kiwanja?

Hapana. Naanza na hili kwa sababu watu wanafika kwangu hawajalala siku tatu. Ile karatasi uliyokuwa nayo kabatini ni ya kushika wewe. Miliki yenyewe imeandikwa kwenye daftari la Msajili wa Hati, chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura 334. Jina lako likiwa bado liko kwenye daftari, kiwanja bado ni chako, hata kama karatasi imeungua, imeibiwa au imesombwa na mafuriko.

Kinyume chake pia ni kweli, na ndicho kinachouma zaidi. Unaweza kuwa na hati nzuri mkononi, ina mihuri yote, kumbe daftari linasema jina la mtu mwingine au linaonyesha rehani ambayo hukuijua. Kwa hiyo kila jibu hapa chini linarudi kwenye daftari.

Watu wanasema "nakala" lakini kila ofisi inanielewa tofauti. Nakala ni ipi hasa?

Ziko za aina nne, na ukitaja moja wakati unataka nyingine utazungushwa wiki nzima.

Ya kwanza ni fotokopi ya kawaida ya steshenari. Inafaa kujikumbusha namba, basi. Ya pili ni fotokopi iliyogongwa mhuri wa wakili kwamba inafanana na ya asili. Shule huikubali, na mahakama pia kwa anayemdhamini mtu. Lakini elewa mhuri ule unasema nini: wakili ameiona karatasi ya asili na fotokopi imetoka kwenye karatasi hiyo. Hasemi kwamba hati yenyewe ni halali wala kwamba hakuna deni juu yake.

Ya tatu ni nakala au taarifa rasmi inayotoka kwa Msajili mwenyewe, kutoka kwenye daftari. Hii ndiyo yenye nguvu ukiwa na kesi, ukinunua, au mkigawana urithi. Ya nne kwa kweli si nakala, ni hati mpya inayotolewa badala ya iliyopotea. Hii ina utaratibu wake wa tangazo, nimeueleza chini.

Ukifika dirishani sema wazi: "Nahitaji taarifa ya daftari" au "Nahitaji hati mpya, ya zamani imepotea." Usiseme "nahitaji kopi."

Nianzie ofisi gani?

Inategemea ardhi iko wapi na ina karatasi gani.

Kiwanja kilichopimwa chenye hati miliki, iwe Njiro, Sakina, Soweto au Shanty Town: daftari liko kwa Msajili wa Hati, kwenye ofisi ya ardhi ya mkoa. Faili la kiwanja, barua ya toleo na mambo ya kodi ya pango la ardhi utayakuta pia idara ya ardhi ya halmashauri: Jiji la Arusha, Manispaa ya Moshi, au halmashauri ya wilaya husika kama Meru, Arusha vijijini, Hai au Moshi vijijini.

Shamba la kijijini lenye hati ya kimila: masjala ya ardhi ya kijiji na ofisi ya ardhi ya wilaya.

Wenye hati za zamani za Arusha wasishangae wakiona zimeandikwa Msajili wa Hati, Moshi. Kwa miaka mingi usajili wa kanda ya Kaskazini ulikuwa Moshi, na mtu wa Arusha alilazimika kusafiri. Ofisi za ardhi za mikoa zilipoanzishwa, huduma zikasogea. Kama hati yako ni ya enzi hizo, uliza kwanza kama faili lako limeshahamishwa. Nimewahi kumsindikiza mzee wa Ngaramtoni aliyeenda na kurudi mara tatu kwa sababu hakuna aliyeuliza swali hilo moja.

Sijui namba ya hati wala ya kiwanja. Nitaipataje?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama. Ofisi haiwezi kutafuta "kiwanja cha marehemu baba pale karibu na msikiti." Inatafuta kwa namba: namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu, na ile namba ya faili la ardhi inayoanza na herufi L.O.

Naijua shida hii nyumbani kwetu. Baba yangu alimwachia wakili mmoja hati ya kiwanja chetu ashughulikie uhamisho. Hakupewa maandishi ya kupokelewa, na hatukuwa tumepiga fotokopi. Wakili akahama ofisi, simu ikawa haipokelewi. Tulihangaika karibu miaka miwili. Kilichotuokoa ni risiti moja ya kodi ya pango la ardhi, imefifia wino, ambayo mama alikuwa ameitumia kufungia mbegu za maharage. Juu yake ilikuwepo namba ya kiwanja na kitalu. Kwa namba hizo mbili tulipata faili, na kwa faili tukapata namba ya hati.

Kwa hiyo tafuta hivi. Pekua risiti zote za kodi ya pango, hata za miaka ya nyuma. Kodi hii hudaiwa kila mwaka kuanzia tarehe 1 Julai, na stakabadhi zake hubeba utambulisho wa kiwanja. Tafuta barua ya toleo, ile karatasi ya kwanza ya kukupa kiwanja kabla hati haijatoka. Tafuta mkataba wa mauziano, wa kwako au wa aliyekuuzia. Angalia makubaliano ya mkopo kama nyumba iliwahi kuwekwa rehani, maana benki huandika namba zote. Kibali cha ujenzi nacho hubeba namba ya kiwanja.

Ukikosa vyote, nenda kwa jirani unayeaminiana naye akupe namba yake. Viwanja vya kitalu kimoja hufuatana, na afisa upimaji akiwa na namba ya jirani anaweza kukionyesha chako kwenye ramani ya upimaji. Pia tembea kwenye pembe za kiwanja ukafukue bikoni. Jiwe la bikoni lina namba yake, na namba hiyo iko kwenye ramani. Mama mmoja wa Pasua alipiga picha bikoni mbili kwa simu, akaenda nazo ofisini, na asubuhi ile ile wakalipata faili.

Ukishazipata, ziandike mahali tofauti na hati inapokaa. Zitume kwa mtoto wako kwa ujumbe wa simu. Ziandike nyuma ya Biblia au msahafu. Mahali popote, ila si ndani ya bahasha moja na hati.

"Kufanya sachi" ni nini, na nani anaruhusiwa?

Ni upekuzi rasmi wa daftari la ardhi. Unapeleka maombi yenye namba ya hati au utambulisho wa kiwanja, unalipa ada, na ofisi inakupa majibu kwa maandishi: mmiliki aliyesajiliwa ni nani, muda wa miliki, kama kuna rehani, kama kuna zuio, yaani pingamizi la mtu lililoandikwa kwenye daftari.

Si lazima uwe mwenye mali. Mnunuzi anafanya, benki inafanya, mrithi anafanya. Mimi nawaambia hata wamiliki wenyewe wafanye kila baada ya miaka michache, hasa kama hati ilishapita mikononi mwa watu. Zuio lililowekwa na shemeji mwaka juzi hutaliona kwenye karatasi yako, utaliona kwenye majibu ya upekuzi.

Nimekubali imepotea kabisa. Hatua za kupata hati mpya ni zipi?

Kwanza, taarifa ya upotevu ya polisi, ile tunayoiita los ripoti. Hakikisha imeandika namba ya hati na maelezo ya kiwanja, si "nyaraka mbalimbali." Polisi anaandika unachomwambia, kwa hiyo mpe namba.

Pili, kiapo mbele ya wakili au hakimu. Humo unaeleza wewe ni nani, hati ni ya ardhi ipi, mara ya mwisho uliiona wapi, umeitafuta vipi, na kwamba hukuiweka dhamana kwa mtu wala hukumpa mtu kwa nia ya kumuuzia. Sentensi hii ya mwisho ndiyo nzito.

Tatu, maombi kwa Msajili, pamoja na kitambulisho cha NIDA, picha, stakabadhi kwamba kodi ya pango imelipwa, na hizo karatasi mbili za juu. Fomu na idadi ya picha mtaambiwa dirishani.

Nne ni tangazo. Msajili hutangaza upotevu kwenye Gazeti la Serikali, lile linalotoka kila Ijumaa. Tangazo ni fupi: jina la mmiliki aliyeandikishwa, namba ya hati, mahali ardhi ilipo, kisha maelezo kwamba hati imepotea na Msajili anakusudia kutoa mpya badala yake iwapo hakuna kipingamizi kwa muda wa mwezi mmoja tangu tangazo kuchapishwa, na kwamba ya asili ikipatikana irudishwe kwake. Mwezi ukiisha bila pingamizi, hati mpya inatolewa na daftari linaandikwa hivyo.

Nunua nakala ya gazeti lenye tangazo lako uitunze. Siku mtu akikuuliza kwa nini hati yako si ya mwaka uliopewa kiwanja, hilo ndilo jibu.

Hati yangu haijapotea, iko kwa mtu wa mikopo. Si naweza kusema imepotea tu?

Usifanye hivyo, nakuomba. Najua mikopo umiza ilivyo, najua mtu anayekuja kugonga mlango saa kumi na mbili asubuhi. Lakini kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na yule anayeishikilia hati anaweza kusoma tangazo na kuweka pingamizi akiwa na karatasi yako mkononi. Hapo utakuwa umepoteza ada, umepoteza heshima mbele ya Msajili, na umejiongezea kesi.

Njia iliyo sawa ni kwenda kwa Msajili kufanya upekuzi. Mara nyingi mkopo wa aina hiyo haujasajiliwa kama rehani, maana aliyekukopesha alichukua karatasi tu kukutisha. Kuishika hati hakumfanyi mwenye kiwanja. Peleka majibu ya upekuzi na makubaliano yenu ya mkopo kwa wakili au msaidizi wa kisheria, mdaiane deni kama deni, na hati idaiwe kama hati.

Itachukua muda gani na ni shilingi ngapi?

Mwezi mmoja wa tangazo hauwezi kupunguzwa na mtu yeyote, hata akikuambia ana ndugu ndani. Ongeza muda wa kuandaa nyaraka na wa gazeti kuchapishwa. Ada hubadilika, ulizia dirishani siku hiyo. Ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni namna ya kulipa: unapewa namba ya malipo, unalipa benki au kwa simu, unapata stakabadhi ya serikali. Ukiambiwa uache taslimu kwa mtu kwenye korido, ondoka.

Hati imeliwa na mchwa, imebaki vipande. Hii nayo ni "imepotea"?

Si lazima. Hati iliyoharibika unairudisha hivyo ilivyo, na vipande vyenyewe ni ushahidi. Usivitupe hata kimoja.

Mama mmoja wa Uru alinijia na sanduku la bati. Ndani kulikuwa na udongo wa mchwa, na katikati yake kona moja ya karatasi ukubwa wa kiganja. Alikuwa ameanza kuupukuta ule udongo mlangoni ili asichafue kwangu. Nikamwambia, "Mama, subiri, leta hapa." Tukauchambua juu ya sinia, kama tunachagua mchele. Kona ile ilikuwa na nusu ya mhuri na tarakimu nne za namba ya hati, na kipande kingine kilikuwa na neno "Kitalu" na herufi yake. Tarakimu nne na herufi moja zilitosha ofisi kuanza kutafuta. Tulivibandika vipande kwenye karatasi nyeupe, hatukutumia selotepu juu ya mhuri, tukavipeleka kwenye bahasha.

Kama unaishi sehemu ya mchwa au unyevu wa migombani, weka hati kwenye mfuko wa nailoni mzito, juu ya kabati, mbali na ukuta. Usiipeleke kufunikwa plastiki ya moto steshenari. Ofisi inahitaji kuandika na kugonga mihuri juu ya hati hiyo hiyo siku ya uhamisho.

Nina barua ya toleo tu, na yenyewe imepotea.

Nakala yake iko kwenye faili la kiwanja chako idara ya ardhi. Andika barua kuomba nakala, ambatanisha los ripoti na risiti zako. Lakini ukishaipata usiiweke tena kabatini kwa miaka 10. Barua ya toleo si hati. Fuatilia hati itoke, kwa sababu viwanja vingi vya Arusha ambavyo vina watu wawili wanaogombana vilianzia kwa mtu aliyeishia kwenye barua ya toleo.

Nimekuta hati ya marehemu babu, ya miaka 33. Niombe nakala?

Soma tarehe kwanza. Miliki hutolewa kwa kipindi, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyoanza 1990 ilikwisha 2023. Hapo shughuli yako si nakala tena, ni kuomba muda mpya, na inaanza kwa kulipa kodi ya pango inayodaiwa. Ukikuta imebaki miaka miwili mitatu, anza sasa.

Kwa wenye karatasi za mashamba ya zamani ya walowezi kuzunguka mlima: miliki za kudumu za enzi ya mkoloni zilibadilishwa kwa sheria mwaka 1963 kuwa za kukodi kutoka serikalini kwa miaka 99, kisha mwaka 1969 zikabadilishwa kuwa haki ya kumiliki chini ya serikali. Karatasi ya kabla ya hapo, hata iwe na lakiri nyekundu ya kupendeza, haiwezi kutumika peke yake. Fanya upekuzi ujue kilichofuata.

Sisi tuna kihamba, shamba la ukoo lenye makazi. Hati yake naipata wapi?

Vihamba vingi, kuanzia Machame na Kibosho mpaka Marangu na Rombo, havijawahi kuwa na hati, kwa hiyo hakuna daftari la kutolea nakala. Lakini usinielewe kwamba huna haki. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inatambua haki ya kimila hata kama haina karatasi. Mipaka ya masale, makaburi ya wazee, mfongo (mfereji wa maji) unaopita, migomba iliyopandwa na bibi: hivyo ndivyo vielelezo vyenu, pamoja na mashahidi walio hai.

Kazi yenu ni kutengeneza karatasi wakati mashahidi bado wapo. Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari unaosema kihamba kiko wapi, kinapakana na nani pande zote nne, na kinashikiliwa na nani. Majirani wa mipaka wasaini, ofisi ya kijiji ipokee nakala na kugonga mhuri wa kupokea. Hapo ndipo mnaweza kuomba hati ya haki miliki ya kimila. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakifikishana Baraza la Ardhi na Nyumba kwa sababu muhtasari wa mwaka 1987 ulisainiwa na kuachwa kwa katibu wa ukoo, akafa nao. Pigeni kopi, kila tawi la familia libaki na yake.

Hati ya kimila ikipotea je?

Hii ni rahisi kidogo. Hati ya kimila husainiwa na mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, kisha afisa ardhi wa wilaya huisaini, huigonga lakiri na kuisajili. Kumbukumbu ziko kijijini na wilayani. Anza kwa mtendaji wa kijiji ukiwa na los ripoti, akuandikie barua ya kwenda wilayani. Kama masjala ya kijiji ni droo ya mtendaji aliyehamishwa, nenda wilayani moja kwa moja, lakini na barua ya kijiji mkononi.

Mzee amefariki. Hati haionekani, na ofisi haitaki kunipa nakala.

Wana sababu. Mwenye jina kwenye daftari ndiye anayeomba hati mpya, na akifariki anayesimama mahali pake ni msimamizi wa mirathi tu. Kuwa mtoto wa kwanza hakutoshi, wala kuwa ndiye uliyemuuguza.

Lakini kabla ya kuteuliwa, unaruhusiwa kufanya upekuzi. Fanya hivyo mapema, maana mahakama itataka kujua mali za marehemu, na majibu ya upekuzi yanazima ugomvi wa "baba aliuza" na "baba hakuuza" kabla haujawaka.

Kisha fuateni njia: cheti cha kifo kutoka RITA, kikao cha ukoo chenye muhtasari, maombi mahakamani. Mahakama ya Mwanzo ikimteua msimamizi inampa Fomu Namba IV. Kwa fomu hiyo na cheti cha kifo, Msajili anaandika jina la msimamizi kwenye daftari, kama msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani, si kama mali yake binafsi. Hapo sasa msimamizi ndiye anayetoa kiapo cha upotevu na kuomba hati mpya. Baadaye anawahamishia warithi, na anarudi mahakamani na orodha ya mali kwa Fomu Namba V na hesabu ya mgawanyo kwa Fomu Namba VI.

Wajane, nisikilizeni hapa. Mara nyingi hati haikupotea, imechukuliwa na shemeji siku ya matanga, "tuitunze." Msibishane naye msibani. Kamata namba, nenda ukafanye upekuzi, na kama unaona hatari ya kuuzwa, weka zuio kwa Msajili. Likishaandikwa kwenye daftari, kila mnunuzi anayefanya upekuzi ataliona.

Mume wangu ana hati yenye jina lake peke yake na hanionyeshi. Nina haki ya kuona?

Daftari linaweza kupekuliwa na yeyote anayelipa ada, kwa hiyo wewe pia. Na zaidi ya kuona, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na inakutambua kuwa una maslahi yanayoweza kulindwa kwa zuio. Hilo linahusu waume pia. Nenda na cheti cha ndoa.

Hati iko benki na nimemaliza mkopo.

Omba vitu viwili, si kimoja: hati yenyewe, na hati ya kufuta rehani. Ukichukua hati peke yake, rehani inabaki kwenye daftari, na miaka 15 baadaye unapotaka kuuza unaikuta. Peleka zote mbili kwa Msajili afute. Kama mkopo bado unaendelea, unayo haki ya kuiomba benki fotokopi kwa ajili ya kumbukumbu zako. Iombe kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Natumia LUKU yenye jina langu na nakatwa kodi ya jengo kila mwezi. Hiyo si ushahidi wa umiliki?

Hapana. Tangu 2021 kodi ya majengo inakusanywa kupitia LUKU, na anayenunua umeme ndiye anayekatwa, hata akiwa mpangaji. Kodi ya jengo ni kitu kimoja, kodi ya pango la ardhi ni kingine. Watu wamelipa ya LUKU miaka yote wakidhani wamemaliza, kumbe ya ardhi inalimbikizwa.

Niko Dar, au nje ya nchi. Ndugu yangu anaweza kunifuatilia?

Anaweza, ukimpa hati ya uwakilishi wa kisheria iliyoandikwa vizuri, ikasajiliwa kwa Msajili. Iandike finyu: "kuomba na kupokea hati mpya ya kiwanja namba fulani." Usimpe ile inayosema "kufanya lolote kuhusu mali zangu." Nasema hivi nikiwa nimekaa na familia ambazo ndugu alianza kwa kufuatilia nakala akamalizia kwa kusaini mauziano.

Nilishinda kesi Baraza la Ardhi na Nyumba zamani, karatasi zimepotea.

Nenda masjala ya baraza lililoamua, na namba ya shauri na mwaka. Omba nakala ya hukumu na ya tuzo (amri inayotokana na hukumu), zote zithibitishwe. Kisha swali muhimu zaidi: je, ulishaipeleka hukumu kwa Msajili abadilishe daftari? Wengi hawakupeleka. Wameshinda, na aliyeshindwa bado ndiye mmiliki kwenye kitabu.

Siku hizi si kila kitu kipo kwenye kompyuta?

Wizara inahamishia kumbukumbu kwenye mfumo wa kidijitali, na huduma nyingi zinaombwa kupitia e-Ardhi. Ni hatua nzuri na mimi naiombea ikamilike. Ila kinachoingizwa kwenye mfumo ni kile kilichoko kwenye faili. Jina likiwa limekosewa herufi moja kwenye faili la 1994 na kitambulisho chako cha NIDA kikasema vingine, mfumo hautakutambua. Linganisha majina mapema, na kama yametofautiana andaa hati ya kiapo cha majina.

Hati mpya imeshatoka, na leo nimeikuta ile ya zamani chini ya godoro.

Irudishe kwa Msajili, wiki hii hii. Baada ya mpya kutolewa, ya zamani haina nguvu, lakini bado ina sura ya hati na inaweza kumdanganya mnunuzi siku ikitoka mikononi mwako. Peleka na barua fupi: namba ya hati, tarehe ya tangazo, na kwamba ya asili imeonekana. Omba wakugongee mhuri wa kupokea kwenye nakala ya barua, kisha nakala hiyo iweke pamoja na lile Gazeti la Serikali.